Kikosi cha Torquil Gillanders

Ukungu wa bahari bado umeikalia Ngome ya Ardvannoch wakati Torquil Gillanders anapoegemea lango la mbao na kulisukuma kwa bega. Linagoma. Anavuta pumzi, analisukuma tena, linaachia.

"Hili ni lango la watu wawili," anasema mlinzi huyo mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, bila kucheka.

Leo ni sikukuu ya ngome. Kutakuwa na kilti, zile sketi za wanaume, zumari za mfuko, na gwaride la askari wa zamani wa Uskoti. Kikosi cha Torquil kilivunjwa zamani. Waliokuwa wakija kuandamana na bendera yake walipungua mwaka hadi mwaka, wakabaki yeye na Dougal Imrie, rafiki yake tangu jeshini, mlinzi mwenzake langoni hapa. Dougal alifariki majira ya baridi yaliyopita.

Torquil hana mke wala mtoto. Dougal alikuwa mpangaji wake.

"Alikuwa mgomvi, na akiimba, mbwa wanahama," anasema. "Sasa nyumba imenyamaza mpaka nasikia mafuta yakiganda kikaangoni."

Kabla ya adhuhuri, Eilidh Sinclair, msimamizi wa sherehe, anamfuata.

"Mzee Torquil, usinielewe vibaya. Kikosi chenu nikiruke mwaka huu? Utembee na wengine, usionekane mpweke."

"Acha nionekane, binti yangu. Si ndivyo nilivyo?"

Kikosi kinapotajwa, anatoka peke yake na bendera. Upepo unaidaka, nusura umbwage. Baadhi ya watalii wanaangua kicheko, wakidhani ni kichekesho kilichoandaliwa. Torquil anakaza shingo, anasonga. Kulia kwake ameacha nafasi ya mtu mmoja.

Ndipo Archie Pirie, mpiga mizinga mstaafu aliyewatania yeye na Dougal miaka nenda miaka rudi, anapochomoka kwenye safu yake.

"We mzee, bendera inakupeleka Norwei!" anamfokea, akiukamata mlingoti.

"Rudi kwenu, kiziwi! Nafasi hiyo ni ya Dougal."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kushoto."

Wanauzunguka ua hivyohivyo, hatua zikipishana, Archie akihema kama mvukuto.  Mama mmoja aliyekuwa akicheka anamvua mwanawe kofia.

Jioni basi la maveterani linaondoka na Archie. Torquil anaikunja bendera juu ya meza, akiilainisha kwa kiganja.

Anasema mwakani ataandamana tena, magoti yakikubali. Yakikataa, ataomba bendera itundikwe katika kanisa la ngome, pamoja na za vikosi vingine, isibaki peke yake.

Na Archie ameahidi kuja Jumapili kunywa supu.

"Archie huahidi mengi," anasema Torquil, akichungulia dirishani, barabara ikiwa tupu. "Lakini shayiri ya supu nitailoweka."