Mama Geti na Nusu Shoti

Siku aliyomwona Mama Geti kwa mara ya kwanza, mtunza farasi alikuwa amesimama nyuma ya lori katikati ya farasi sita, kamba mikononi, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Lori lilisimama mbele ya geti la shamba la miti. Akatoka mwanamke wa makamo, mnene kiasi, filimbi shingoni, sare yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alilizunguka lori taratibu, akachungulia ndani kupitia mwanya wa mbao.

"Hawa abiria wako wana vitambulisho?"

Mtunza farasi alishindwa kujua kama ni mzaha. Alikuwa mtu mwenye haya tangu utotoni, aliyezoea kukaa na wanyama, na mtu akimwuliza swali la ghafla alijibu kama lilivyo.

"Hawana."

"Basi waweke dole gumba," mwanamke akasema, akafungua geti bila kucheka. Dereva alicheka kwa niaba ya wote.

Shambani walimwita Mama Geti, ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa na mama yake tu, ambaye kiharusi kilimlaza upande mmoja. Waliishi wawili katika chumba kilichounganishwa na kibanda cha mlinzi. Kitanda cha bibi huyo kilikuwa chini ya dirisha lililotazama barabara, na bibi aliyajua malori yote kwa kuyasikiliza tu. "Hilo breki zake zinalia, mwambie dereva," alikuwa akisema, na Mama Geti alitoka akamwambia dereva. Chumba kilikuwa cha kazi. Mlinzi akiondoka kazini, anaondoka na chumbani. Mama Geti alikuwa na kaka mjini, ila kaka huyo alikwisha sema nyumba yake ina nafasi ya mtu mmoja, na huyo ni mama. Kwa hiyo kile chumba cha getini ndicho kilichowaweka pamoja, na kila mtu shambani alilijua hilo.

Farasi waliletwa kwa sababu ya wezi wa mbao. Walinzi walikuwa na pikipiki, na wezi walizisikia zingali mbali, wakajibanza, zikipita wakaendelea na msumeno wao. Msimamizi akauza pikipiki. Kuna shule ya kupanda farasi ilikuwa imefungwa, akanunua farasi wake, na mtunza farasi akaja nao, kama vile hatamu na matandiko vilivyokuja nao. Kisha ikatoka amri: kila mlinzi, awe wa msituni au wa getini, ajue kupanda, tena si kutembea tu. Ajue nusu shoti. Atakayeshindwa kufikia mwisho wa masika, kazi hana.

Vijana waliruka wakafurahi. Mmoja wao, mfupi aliyejaa kifua, waliyemwita Kichuguu, alikuwa akizunguka uwanja kwa nusu shoti kabla wenzake hawajajua kufunga tandiko. Mama Geti alisubiri mpaka wote wamemaliza, ndipo akaja uwanjani mchana mmoja, bibi akiwa amelala.

"Nimekuja kusoma, mwalimu," alisema. "Kama darasa la watu wazima bado lipo."

Uwanja ulikuwa pale palipowahi kuwa mashine ya kupasulia magogo, na chini palijaa unga wa mbao, laini kama godoro. Mtunza farasi alimchagulia farasi jike wa kahawia, mtu mzima, aliyeitwa Shangazi kwa sababu hakupenda upuuzi. Alimweleza miendo. Kwanza kutembea. Pili, kwenda matiti, ule mwendo wa kudundadunda.

"Nani aliupa mwendo jina hilo?"

"Wazee."

"Wazee wanaume," Mama Geti alisema, akashika tandiko.

Tatu, nusu shoti, ulio kati ya matiti na mbio zenyewe. Huo, alimwambia huku akitazama kwato za Shangazi, una mapigo matatu, na mtu akiulegezea kiuno unambeba kama kitanda cha kubembea. Alipokwisha kupanda, mtunza farasi alikumbuka jambo moja kubwa. Farasi wote wale walifunzwa na mzee mmoja, marehemu sasa, ambaye hakutumia mjeledi wala kisigino. Alitumia neno. Wakilisikia, walinyanyuka nusu shoti papo hapo, liwe limesemwa na nani.

"Kuna neno moja usiliseme ukiwa hapo juu," alisema.

"Neno gani?"

"Siwezi kulitaja. Atakwenda."

"Sasa nitalijuaje?"

Mtunza farasi alianza kutoka jasho. "Lile la kukubali. Mtu akikwambia kitu, ukamkubalia. Usiseme hilo. Sema sawa."

"Haya," alisema Mama Geti, "nimeelewa."

Shangazi alinyanyuka. Kamba ilimponyoka mtunza farasi. Walikwenda nusu duara hivi, Mama Geti akikumbatia shingo ya farasi kama mtu aliyekutana na ndugu, kisha akaanguka kwa bega. Alikaa kwenye unga wa mbao, akatema, akautazama ule uwanja wote.

"Hilo neno nalisema mara ngapi kwa siku, mwalimu? Malori yote yale. Haya ingia, haya toka. Ungenitafutia farasi anayekwenda kwa kutukanwa, ningekuwa salama."

Walicheka wote wawili, na ilikuwa mara ya kwanza mtunza farasi kucheka mahali pale. Bega lilivimba likapona. Ila kuna kitu kingine kiliumia siku hiyo ambacho hakikuvimba, na yeye alikiona mara tu Mama Geti aliporudi juu ya tandiko. Mapaja yalikaza. Mikono ilipanda kifuani. Alikuwa amewaona wapandaji wa namna hiyo kwenye ile shule. Watoto hupona. Watu wa umri wao hakumbuki hata mmoja aliyepona. Hakumwambia.

Alikuja kila mchana. Kutembea alijua. Matiti alijua, tena vizuri kuliko Kichuguu, anakaa ameinuka kidogo, anashuka kwa wakati wake, Shangazi masikio yametulia. Akaacha kabisa kusema lile neno. Hata getini madereva walishangaa kusikia "sawa, ingia", wakamwuliza kama amepandishwa cheo. Lakini ikifika nusu shoti, mtunza farasi akimwambia "sasa", alilitoa neno kwa shida kama mtu anayetoa mwiba, na Shangazi akinyanyua tu kifua, mikono ya Mama Geti ilivuta hatamu. Farasi akasimama. Akasukumwa, akasimama tena.

"Usivute, dada. Akinyanyuka, wewe mwachie."

"Mimi sivuti. Ni hii mikono." Aliitazama kama mikono ya mtu mwingine. "Nikiwa chini naiambia, inasikia. Nikifika juu haina adabu."

Kichuguu alikuwa akipita pembeni na farasi wake, anapiga mluzi. "Mama, huyo si lori la mizigo. Huhitaji kumsimamisha umkague."

"Pita, mwanangu. Siku yako ya kukaguliwa inakuja."

Alijibu vizuri. Lakini akishuka, alishika nguzo kwanza kabla ya kutembea.

Kuna mara moja ilitokea. Mvua ilikuwa nyepesi, na Mama Geti alikuwa akimsimulia mtunza farasi habari za bibi, jinsi alivyodai kwamba amelisikia gari la mume wake likipiga honi, mume aliyezikwa zamani. "Nikamwambia haya mama, nitakwenda kumfungulia," alisema, na Shangazi akaenda. Alikwenda nusu shoti upande mzima wa uwanja, moja mbili tatu, moja mbili tatu, na Mama Geti amekaa juu yake amelegea, mdomo wazi, bado yumo ndani ya hadithi. Kisha akatambua. Mtunza farasi aliuona mgongo ukikauka, mikono ikapanda.

"Nilikuwa nakwenda," alisema aliposimama.

"Ulikuwa unakwenda."

Aliuliza tena na tena ilikuwaje, alikaaje, kichwa kilikuwa wapi. Kuanzia siku hiyo mambo yakawa mabaya zaidi. Mwanzo alikuwa akiogopa kuanguka tu. Sasa aliogopa na kushindwa kitu anachokijua ladha yake.

Jioni mtunza farasi alimpelekea bibi maziwa. Alikuwa akiweka chupa dirishani na kuondoka. "Huyo mtu wa farasi ana ulimi?" bibi aliuliza siku moja kwa sauti, kwa mdomo wake uliopinda.

"Anao, mama. Anautunzia farasi."

Yeye alisikia yote akiwa nyuma ya ukuta. Alikuwa na chumba chake karibu na banda, kikubwa kuliko cha getini, na alijua kwamba mke wa mfanyakazi huruhusiwa kuishi shambani, na mama wa mke pia. Alikuwa amemwuliza karani, akijifanya anamwulizia mtu mwingine. Akawa anamsafisha Shangazi kwato huku akimwambia maneno ambayo angemwambia Mama Geti. Shangazi alimsikiliza vizuri sana. Aliporudi uwanjani mchana, maneno yalibaki bandani.

Masika yakaisha. Msimamizi alikuja na gari, akaegesha kwenye kivuli, hakushuka. "Mama, mimi sina ubaya na wewe," alisema kupitia dirishani. "Kutoka hapa mpaka kwenye tangi la maji. Nusu shoti. Basi."

Walinzi wote walikuwa wamesimama kando ya njia, na hata Kichuguu hakupiga mluzi. Mama Geti alianza kwa kutembea, akaingia matiti, akapita mbele ya mtunza farasi amenyooka kama picha. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema neno. Hakulisema. Alizidi kwenda matiti, na midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Mtunza farasi alilihisi neno mdomoni mwake mwenyewe. Angelitamka kwa sauti Shangazi angelisikia na kuondoka, na Mama Geti angekuwa juu, tayari au si tayari. Alifunga meno.

Mwishowe Mama Geti alilisema, kwa ile sauti mtu anayoitumia akiletewa habari ya msiba. Shangazi alinyanyuka. Mikono ikavuta. Farasi akasimama, akageuza shingo kumtazama. Alijaribu tena, mikono ikavuta tena. Mara ya tatu Shangazi hakuondoka kabisa. Alisimama katikati ya njia, akapiga chafya.

"Inatosha, mama," msimamizi alisema, akapandisha kioo.

Geti alipewa Kichuguu. Alikuja kwa Mama Geti amevua kofia, akasema hakuomba. "Najua, mwanangu," alimjibu. "Hilo komeo ukilivuta linyanyue kidogo, vinginevyo linang'ang'ania." Kaka alikuja na gari la rafiki, akamlaza bibi kiti cha nyuma. Bibi alidhani ni safari ya hospitali, akamwuliza binti yake mbona hapandi. Mama Geti alimwambia atakuja na gari linalofuata.

Yeye aliondoka kesho yake, anakwenda kuomba kazi ya kufagia ofisi mji mwingine, mahali ambapo wafagiaji hulala wanne chumba kimoja na mgonjwa haruhusiwi. Mtunza farasi alimbebea mkoba. Walipita geti, Kichuguu akasimama wima kama anapita mkubwa. Walikwenda kando ya barabara, yeye akihamisha mkoba mkono huu na mkono ule. Mara mbili alifungua mdomo. Mara ya kwanza alisema mvua imeisha. Mara ya pili alisema Shangazi anahitaji kukatwa kwato.

Mama Geti akasimama, akanyoosha mkono wake.

"Lete mkoba, mwalimu. Ukinifikisha kituoni utakuwa unatafuta neno njia nzima, na mimi nitakuwa nalingoja, na gari litatupita sote wawili."