Raketi ya Namkunda na Jiwe la Mizani

Enzi zetu kule milimani Upare, kitu kikiharibika hakikutupwa kabla baba hajakitazama. Mwavuli, redio, taa ya chemli, vyote vilipita mikononi mwake. Kazi yake hasa ilikuwa kuwamba vitanda vya kamba, nasi watoto tulimshikia ncha huku mashavu yamejaa makande, tukiuliza maswali mpaka atufukuze. Mimi ndiye niliyefukuzwa zaidi.

Dada yangu Namkunda alicheza tenisi. Vijana wa leo hawataamini, lakini shule yetu ilikuwa na uwanja wa udongo, wavu wa katani na raketi moja nzima, ya mbao. Mpira ukipotea uliporomoka hadi bondeni, na aliyeufuata alirudi kipindi cha hesabu kimekwisha. Hatukukosa wa kujitolea.

Mwaka aliochaguliwa kwenda kushindana Moshi, nyuzi za raketi zilikatika wiki moja kabla ya safari. Mwalimu wa michezo akamletea baba, kwa hoja kwamba kamba ni kamba. Baba aliigeuzageuza siku mbili nzima. Kisha akachonga ubao, akapigilia vigingi viwili vya kuibana raketi, kimoja kichwani na kimoja karibu na mpini. Pembeni akafunga mti mrefu unaopanda na kushuka, akauning'inizia jiwe la mizani aliloazima kwa muuza tangawizi. Uzi ulikuwa mshipi wa nailoni wa wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Aliufunga kwenye ule mti, akaliachia jiwe livute, akalisogeza mbele na nyuma hadi mti ulale sawasawa. Hapo uzi umekaza vya kutosha. Kazi ya kutazama alinipa mimi.

"Umelala?"

"Umelala, baba."

Tulikwenda hivyo uzi kwa uzi, nami nilijiona fundi. Tulipokaribia kumaliza nyuzi ndefu, fremu ilipasuka ubavuni.

Namkunda hakulia. Alichukua ndoo akaenda mtoni, na Moshi wakaenda wengine. Baba alisema maneno machache tu: "Nimevuta mno. Nimeifanya kitanda." Tangu siku hiyo hakupokea tena kitu cha shule, na Namkunda hakushika tena raketi. Hakuna aliyelaumiwa nyumbani kwetu, na labda ndiyo maana jambo hilo lilituuma muda mrefu. Mimi nililala na neno langu, umelala, nikijiuliza kama kweli nilitazama vizuri.

Mwezi uliopita nyuzi za raketi ya binti yangu zilikatika. Aliniambia tununue nyingine. Nikamvuta kwa fundi mmoja hapo Moshi, kijana mpole mwenye mashine mbili. Ile kubwa ni ya umeme: anabonyeza idadi ya kilo, inavuta yenyewe, na nusu saa raketi imekwisha. Ile ndogo aliyoanzia kazi nyumbani inakaa mezani, ina mkono wa chuma na uzito unaoning'inia. Nilisimama mbele yake nikasahau nilichofuata. Nilimuuliza ipi inavuta vizuri zaidi. Akasema ndogo ni ya polepole, inataka saa mbili na jicho la makini, ila uzito ukishuka unavuta bila kulegea, sawa na ile ya umeme. Umeme ukikatika hurudi kwayo.

Nikamsimulia habari ya vigingi viwili. Alicheka kidogo, akanionyesha jinsi mashine zake zinavyoishika fremu sehemu sita. Alisema nyuzi ndefu zikivuta, kichwa kinabanwa na mbavu zinatanuka, na mbao isiyoshikwa ubavuni hupasuka hata kwa mvuto wa kawaida.

Binti yangu alikuwa kwenye simu yake. Alipewa raketi, akashukuru, hakuuliza hata swali moja. Simwonei wivu, mambo yake ni rahisi na yanakwisha siku hiyohiyo. Sisi raketi moja ilitukaa moyoni zaidi ya miaka thelathini, lakini kila uzi wake tuliujua. Nilisikitika kidogo kwa ajili yake.

Pale pale nikampigia baba, yuko Same siku hizi. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akataka kujua zile sehemu nne nyingine zinakaa wapi hasa. Nikamtajia moja moja.

"Mpigie dada yako," akasema. "Mwambie sikuivuta mno."