Pensheni Yenye Pembe

Emilian ni fundi simu pale sokoni Tabora, na kama kuna mtu aliyezaliwa akiwa anajua kila kitu, basi ni yeye. Kabla hajakubadilishia kioo atakueleza kwanza jinsi unavyoyachezea maisha yako. Vijana wenzake wanabeti: wajinga. Wenye ajira wanakatwa mishahara kila mwezi wakisubiri kulipwa meno yameshang'oka: hao ndio wajinga zaidi. Siku moja alikuja sokoni dada mmoja wa mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwavuli wake, kuwaandikisha mafundi na mama lishe wajiwekee akiba ya uzeeni kidogo kidogo. Emilian alimsikiliza mpaka mwisho huku anatabasamu, halafu akamwambia mbele ya watu, "Dada yangu, pensheni yangu mimi ina pembe. Hiyo yako ina nini?" Soko zima likacheka. Yule dada akakunja mwavuli, akahamia kwa wauza nyanya.

Pembe zenyewe zilikuwa kijijini Ziba, kwa Ngollo, kaka wa mama yake. Tangu ana miaka ishirini na tatu, kila alipopata hela ya maana Emilian aliituma kwa simu, na mjomba akamnunulia mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, mnadani. Mtamba atazaa, mtoto wake naye atazaa, na Emilian akifika hamsini atakaa kitako alishwe na mifugo yake. Si hesabu ya kijinga hiyo. Watu wa huko wameishi uzee wao kwa hesabu hiyohiyo miaka mingi, tena bila kelele. Ila wao walikuwa na desturi yao: ng'ombe uliyemwekesha kwa mtu akifa, mtunzaji anakuletea ngozi yake na paja. Unamtambua ng'ombe wako kwa rangi ya ngozi, mnakula nyama, mambo yamekwisha.

Wa kwanza alipokufa, Ngollo alifuata desturi. Ngozi ikaja na basi ndani ya kiroba, ikashinda chini ya meza ya Emilian katikati ya chaja na vioo. Inzi wakajaa, wateja wakaziba pua, na bwana fundi akaona ameaibishwa mjini. Jioni akapiga simu.

"Shikamoo mjomba. Haya mambo ya ngozi tuyaache. Akifa mwingine, piga picha tu unirushie."

"Marahaba. Picha tu?"

"Picha inatosha, mjomba. Dunia imebadilika."

"Haya, baba. Wewe ndiye msomi."

Tangu hapo ugonjwa ukaingia Ziba, na ulikuwa ugonjwa wenye macho. Ng'ombe wa Ngollo uliwaruka, ukaenda moja kwa moja kwa wa Emilian. Picha zikawa zinakuja: ng'ombe kalala, miguu imekakamaa. Emilian akatuma hela ya dawa, akatuma ya chanjo, akatuma ya kununua mtamba mwingine badala ya marehemu. Mtu anayeitambua betri feki kwa kuishika tu mkononi, hakushtuka hata kidogo.

Aliyeshtuka ni mkewe, Suzana, siku alipochukua simu ya mumewe kutafuta picha ya mtoto wao.

"Baba Deus," akauliza, "hivi ng'ombe wako wote huwa wanaenda kufia kwenye hii ndoo ya bluu?"

Emilian akampokonya simu, akazikuza picha. Ndoo ya bluu, imepasuka mdomo, ipo katika kila picha. Ng'ombe mmoja alikuwa amekufa mara tatu, akipigwa picha mara kichwani, mara ubavuni, mara mkiani.

Kesho yake akapanda basi la asubuhi. Njia nzima aliipanga hotuba yake, na alipofika Ziba akakataa hata kiti.

"Mjomba, nimekuja kuwachukua ng'ombe wangu. Wote, na hao uliowaua kwenye simu."

Akamwonyesha picha. Ngollo akazitazama, akamrudishia simu yake taratibu. Alimwambia mkewe, Pelagia, jambo fulani kwa Kisukuma, na Pelagia akaangua kicheko. Emilian, ambaye Kisukuma chake kinaishia kwenye salamu, akajikuta naye anacheka.

Wala usimwonee huruma Ngollo. Mwizi ni mwizi, hata akikuchinjia kuku. Lakini alikuwa mwizi anayemfahamu vizuri mtu wake.

"Mpwa wangu, usije ukasema nimekudhulumu," akasema. "Ng'ombe hao wanaingia zizini. Ingia, shika wa kwako, uondoke nao. Sitakubishia hata mmoja."

Majirani walikwisha kusogea, wakaegemea uzio. Emilian akaingia. Miaka yote hiyo ya kutuma hela hakuwahi kuja kuwaona ng'ombe wake hata siku moja. Nauli, alisema, ni kupoteza mtaji. Aliijua bei ya kila mmoja, rangi ya hata mmoja hakuijua. Na akishika ng'ombe wa jirani, maana nao hulala humo, mbele ya watu hawa, ataitwa mwizi yeye. Jasho likamtoka. Wekundu, weupe, wa mabaka, wote wakapita mbele yake kuelekea ndani bila hata kumtazama.

"Sema tu, mjomba," Ngollo akamhimiza.

Emilian akamnyooshea kidole aliyenona kuliko wote, mwenye pembe pana. "Yule. Mtamba wangu wa kwanza yule."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia miti ya uzio wasianguke. Pelagia ndiye aliyemhurumia.

"Mwanangu," akasema, "huyo ni maksai. Huyo analima."

Ngollo hakucheka. Alikuja akamshika Emilian bega, kwa upole kabisa.

"Basi nikuchagulie mimi?"

Emilian akatazama chini.

"Ndiyo, mjomba," akasema. "Ahsante."