Mgeni Mwenye Mwendo wa Nkwabi

Milembe alimwona yule mtu upande wa Kamanga, abiria walipokuwa wakishuka kwenye kivuko. Alitembea kama anayekanyaga mawe ya moto, bega la kushoto likiruka, vidole vikicheza vyenyewe. Vijana wa bodaboda walicheka.

"Mzee, gongo asubuhi yote hii?"

Milembe hakucheka. Alitua furushi lake la mitumba akabaki kutazama. Mwendo ule aliujua: ulikuwa wa mumewe, Nkwabi, seremala wa Buhongwa ambaye kwa miaka sita hakuweza kushika msumeno. Kabla yake ulikuwa wa baba mkwe. Daktari aliuita Huntington, ugonjwa adimu unaorithiwa. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata.

Alimfuata hadi kwenye banda la chai.

"Shikamoo, baba. Samahani, babu yako alikuwa nani?"

"Marahaba. Wewe ni polisi au mganga?"

"Nauza mitumba. Ila mume wangu anatembea kama wewe."

Yule mtu akaweka kikombe chini. Aliitwa Shimba. Kaka yake alimfukuza nyumbani akisema amelogwa, na kwamba uchawi ule ungewarukia watoto. Sasa alilala kwenye stoo ya mashine ya kukoboa mpunga.

Jioni ile Milembe alivuka naye hadi nyumbani kwake. Nkwabi, aliyekuwa amekaa mlangoni, alimtazama mgeni kuanzia miguu hadi mabega.

"Kumbe ndivyo ninavyoonekana," alisema kwa ulimi mzito, akaanza kucheka. Shimba naye akacheka, mpaka machozi yakamtoka.

Dorcas, binti wa pekee wa Milembe na Nkwabi, alimvuta mama yake uani.

"Mama, kumhudumia baba peke yake tunachoka. Wawili tutawaweza?"

"Nataka kujua ni ndugu yetu wa wapi."

"Na kama si ndugu?"

Milembe aliingia kutandika kitanda katika chumba walichozoea kupangisha.

Kwa miezi miwili alikusanya majina ya mababu. Mama mkwe alimtajia vizazi vitano. Shimba alikumbuka vitatu. Hayakukutana popote. Vipimo vya damu vilionyesha ugonjwa ni uleule, lakini daktari naye hakuweza kusema zaidi.

"Huenda koo zenu zilikutana zamani sana," alisema. "Huenda hazikukutana kabisa."

Dorcas aliulizwa kama angependa kupimwa. Alisema bado, na mpaka leo hajapimwa. Lakini waliporudi nyumbani kutoka hospitali, ndiye aliyemlisha Shimba uji, polepole asije akapaliwa.

Hakuna aliyemwambia Shimba aondoke. Mwaka uliofuata kaka yake alifika bila taarifa, jogoo kwapani, akasimama nje kwa aibu.

"Karibu, shemeji," Milembe alimwita. "Ingia ule."

Alipoelezwa kwamba ule ulikuwa ugonjwa, si uchawi, aliacha kula. Kisha akauliza, "Na mimi je? Na wanangu?" Aliuliza mengi hata ugali ukapoa, na Milembe akamjibu kila alilolijua. Asubuhi yule kaka alimtaka Shimba warudi pamoja nyumbani.

Shimba alimshukuru, akasema atakwenda kuwasalimia watoto wakati wa mavuno. Kwa sasa, Nkwabi alikuwa akimsubiri waote jua.