Mara Saba, Moja kwa Udongo

Mvua ikinyesha hapa Ansab, pembeni mwa Maskati, udongo hutoa harufu ile ile, nami hujikuta nimeukunja mkono wa kulia kama niliyeshika kitu.

Nilikuwa mtoto, tulikuwa ndo kwanza tumefika Maskati kutoka Unguja, mimi na baba tu. Mama alibaki. Baba alipata kazi ya kuendesha lori, na lori hilo ndilo lililokuwa nyumba yetu: tukipika ubavuni mwake, tukilala juu ya magunia. Siku moja mvua kubwa ilipiga jangwani, magurudumu yakazama topeni. Tukashuka, tukashika njia kwa miguu kutafuta watu wa kutukwamua. Baba alitangulia. Nyuma yangu wakaja mbwa wawili wembamba, wasio na wenyewe, wamerowa chapachapa. Watoto wa huku walikuwa wakikicheka Kiarabu changu, basi nikawasemesha mbwa Kiswahili. Mmoja akanilamba kiganja cha kulia.

Baba akageuka. "Kakulamba?"

"Ndiyo, baba."

"Mwana wewe! Kila siku nnakwambia mbwa najisi. Hebu lete mkono."

Akachutama kwenye dimbwi, akaniosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka, akinisugua kidole kimoja kimoja na kuhesabu kwa sauti. Tangu tuondoke Unguja hakuwahi kunishika mkono. Alipofika saba akauachia, akaendelea na njia.

Nikapunguza mwendo, nikawanyooshea mbwa mkono wa pili.