Punda wa Vesuvio

Ezra Threlfall alikuwa na sharti moja: haonyeshi picha ya mahali ambapo mguu wake haukukanyaga. Aliizunguka Norwei kwa miguu, akapiga picha za maporomoko na makanisa ya mbao, na kila majira ya baridi wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire waliujaza ukumbi kumsikiliza. Mkewe, Dorcas, ndiye aliyeendesha taa ya picha. Ezra akigonga fimbo sakafuni, yeye hubadilisha kioo chenye picha.

Kisha akaja mhadhiri mwingine, Kapteni Penhallow. Kwa taa mbili aliulipua ukutani mlima wa volkano wa Vesuvio, wanawake wakapiga mayowe. Halafu akatokea punda mwenye kishada chekundu. "Huyu Beppo wangu," alisema Kapteni, "alinipandisha mpaka juu." Watu wakacheka hadi machozi.

Ezra alikaa nyuma, kila kofi likimchoma. Hakuona kosa la yule bwana ila moja tu: alipendwa.

"Norwei yetu haina moshi," alilalamika njiani.

"Lakini wewe ulifika."

"Kufika hakukuwapigisha mayowe."

"Umeshikwa na kijicho, mume wangu. Sema tu."

Badala yake aliagiza vioo vya Vesuvio kutoka London, kwa muuzaji aliyemuuzia kila mtu seti ileile. Dorcas alipovifungua, akashtuka.

"Punda yuleyule yumo humu! Mtoe."

"Nikimtoa, watacheka nini?"

Usiku wa mhadhara, mlima ulilipuka na hakuna aliyepiga yowe. Ezra akagonga fimbo. Kishada chekundu kikajaa ukutani.

"Na huyu," alisema, "ndiye aliyenibeba."

"Beppo!" mfumaji mmoja akapaza sauti. "Jamani, Kapteni kamuuza Beppo!"

"Kamkodisha! Maskini mnyama, hapumziki!"

"Bwana Threlfall, na huko Norwei ulipanda punda wa nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Dorcas akainama kutoka penye taa. "Kiri, Ezra. Hawa wanakupenda, watakusamehe."

Angeweza. Lakini kukiri kungekuwa kumwachia Penhallow ukumbi, na hilo hakuliweza. Akainua mkono na kuapa mbele ya wote kwamba punda yule alikuwa wake, na kwamba Kapteni ndiye mwongo.

Kicheko kikakatika. Watu wakachukua kofia zao, mmoja mmoja, wakatoka.

Norwei alikwenda kweli. Baada ya kiapo kile, Lancashire nzima hakubaki mtu aliyeamini hivyo, isipokuwa mkewe.