Ujumbe Ulitoka kwa Jina Langu, Sikuuandika Mimi

Admin, ficha jina langu tu, mengine yaache kama nilivyoandika. Najua wakwe zangu wanasoma ukurasa huu, na safari hii nataka wasome.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, nina binti mmoja, bado ananyonya. Nilikulia Tanzania kwenye kambi ya wakimbizi, shule niliishia darasa la sita, tuliporudi Burundi nikaolewa. Tunaishi Gitega, mume wangu ni fundi ujenzi, kwao ni Giteranyi huko Muyinga. Mimi nashona magauni ya watoto, nayauza kwenye tovuti moja ambapo kila muuzaji ana duka lake na wateja wanamwandikia humo humo.

Nilipojifungua, wakwe walifungua grupu la WhatsApp la kupanga guhemba, ile siku familia inakuja na vyakula na vinywaji kumpongeza mzazi, na kila mtu anambeba mtoto. Wifi yangu akaandika, "Tuonyeshe basi robe mtoto atavaa." Kwa furaha nikafungua duka langu penye picha ya gauni lake, nikanakili anwani ya ukurasa, nikaibandika kwenye grupu. Wakasifia sana.

Siku chache baadaye mume wangu alirudi kazini hasalimii. Akanisukumia simu yake. Dada yake, yule yule wifi, alikuwa amemtumia picha ya duka langu. Mteja wa Giheta, baba aliyeagiza gauni la binti yake, aliuliza aje lini kulichukua. Chini kuna jibu kwa jina langu: "Njoo kesho, bwana hayupo, nitakuwa peke yangu." Na yule baba wa watu amejibu, "Samahani mama, nitamtuma mke wangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema sikuandika.

"Nani basi, mtoto?" akaniuliza. "Mot de passe ya kuingilia unayo wewe peke yako."

Akaacha kula chakula changu. Giteranyi wakapiga simu: guhemba imesimama, niende nijieleze.

Nililia, kisha nikajifuta nikawapigia wahudumu wa tovuti. Dada aliyepokea akaniuliza kama kuna mtu nimemtumia anwani ya duka langu. Nikakumbuka lile grupu. Simu yangu ni ya zamani, na jirani alinishauri nizime kuki, zile alama tovuti inaacha kwenye simu ili ikutambue, eti zinajaza nafasi. Nikazima, duka likaendelea kufunguka, sikujiuliza linanijuaje. Kumbe lilikosa pa kuweka alama yangu, likawa linaibandika kwenye anwani yenyewe, ule mkia mrefu wa herufi na namba. Na mimi sikuwa natoka kwenye akaunti, maana kuandika neno la siri kila mara na mtoto mkononi ni kazi. Kwa hiyo aliyebonyeza anwani yangu, tovuti ilimwona ni mimi.

Tukaenda Giteranyi, mtoto mgongoni. Wifi hakunisubiri nikae. "Ona, iko na uso ya kuja! Mi ningejificha."

Kuki nilikuwa bado sijawasha. Nikaingia upya dukani kwa simu yangu, nikanakili anwani, nikamtumia mama mkwe.

"Mama, bonyeza hapo."

"Yoo! Inasema karibu, na jina yako."

"Nimekupa neno la siri?"

"Oya, hujanipa."

"Haya, andika chochote chini ya lile gauni."

Akaandika polepole, nikampa mume wangu simu yangu asome. Kwa jina langu, dukani kwangu: "Mtoto iko anafanana na mi." Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka. Nikabonyeza kutoka, nikamwambia mama ajaribu tena. Ikamkataa.

Hapo wifi akaropoka, "Mi nilitaka tucheke tu! Si yeye mwenyewe alitutumia? Alors, kosa ni ya nani?"

Mama mkwe akanyanyuka akaenda jikoni. Njiani kurudi mume wangu ananiambia, "Nisamehe, mama watoto. Lakini funga hilo duka yaishe."

Sifungi. Hilo siwaombi ushauri. Kuki nimewasha, nikimaliza natoka, na yule mteja nimemweleza ukweli, mke wake ameagiza gauni la pili. Duka ni langu na mikono ni yangu. Mume wangu nampenda, naamini atazoea.

Kinachonisumbua ni hiki. Guhemba imepangwa upya na wifi anakuja. Mpaka leo hajaniomba msamaha. Atanyoosha mikono mbele ya watu aseme leta mtoto wetu. Nikimnyima, nimeikataa familia nzima. Nikimpa, mtoto wangu atabebwa na mikono ile ile iliyoandika kwamba mama yake ni malaya.

Akina mama wenzangu, ingekuwa ninyi mngempa? Niambieni mapema. Gauni la mtoto nimeshalipiga pasi, ni lile lile walilolisifia.